Mahali pa Magdaline

Raila, Kibera
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa Daisy, binti wa mwanangu,

Nakusalimu salamu nyingi kuliko mitungi iliyo kwenye foleni ya maji hapa kwetu siku ya Jumamosi. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linauma, na la kulia limeanza kuliiga. Mvua bado, vumbi limeingia mpaka ndani ya chumvi. Wewe je, unakula? Usinidanganye. Marion ameniambia umekonda mpaka shingo imekuwa ndefu.

Usishangae kuona barua. Unajua niliingia ngumbaru hapa kanisani mwaka juzi, kwa sababu nilichoka kusomewa Biblia na watu wanaoruka mistari. Sasa Mwalimu Ishmael amesema kila mwanafunzi aandike barua za kweli kwa mtu wa kweli, na huyo mtu ajibu, mpaka tufunge mwezi wa sita. Wenzangu wanaandikia watoto walio Qatar. Mimi nimekuchagua wewe wa hapo Kawangware, kwa sababu kwa simu unanikatiza. Kwa barua utanisikiza mpaka mwisho ukiwa umenyamaza. Marion ndiye ataibeba. Anafua nguo za watu Nyayo Highrise mchana na jioni anarudi kulala huko kwenu, kwa hivyo hana pa kunikwepa.

Sasa maneno yenyewe. Ile tovuti yetu, Jiko la Dani, ambayo mimi nasema mapishi na wewe unaandika, umeifanyia nini?

Wiki jana yule msichana wa saluni alinionyesha kwa simu yake. Akasema, "Dani, umevalishwa nguo mpya." Nikatazama. Zamani nilikuwa mkubwa, nimeshika mwiko, na rafiki yangu Magdaline alikuwa hapo pembeni yangu na karai lake, na maandishi chini: Samaki wa Magdaline, Raila, karibu na bomba. Sasa mimi nimefungiwa ndani ya kiduara, nimebaki kichwa tu. Na juu ya hicho kichwa, nyakwara, mjukuu wangu, kuna majeneza ya fundi Shiundu. "Imara, laini ndani, tunaleta mpaka nyumbani." Halafu chini yake, jina langu.

Jumapili asubuhi kabla sijapiga mswaki wamama wawili waliingia kwangu na sukari na majani ya chai, tayari wanalia. Mmoja aliponiona alikaa kwenye ndoo. Nikawauliza, "Nani amekufa?" Wakasema, "Ni wewe." Nikawaambia basi leteni hiyo sukari, mfiwa ni mimi.

Hayo nimesamehe. Lakini Magdaline yuko wapi? Nimeomba nionyeshwe juu mpaka chini, hayuko. Na mapishi yangu ya mbuta yamekatwakatwa. Nimesema, "Mpasue samaki tumbo," na hapo hapo mtu nisiyemjua anasema punguza tumbo kwa siku saba. Nimesema, "Weka kitunguu," na mwingine anasema cheza kamari. Mimi nilisema maneno hayo lini?

Magdaline hajanisalimia siku tisa. Unajua ilivyokuwa. Mwezi jana kwa maombi ya wamama alisema mbele ya watu wote ati mchuzi wangu una nyanya nyingi. Nilimjibu, tukanyamaziana siku mbili, tukarudi kama kawaida. Sasa ametolewa kwa tovuti, na yeye amesema ni mimi nimemfukuza kwa sababu ya nyanya. Akipita hapa anatazama mbele kama mtu wa gwaride.

Mimi sijali. Nakuambia tu ujue. Mrudishe.

Nimekutumia omena na njugu. Usimpe landlord wako Kihara, ana meno mabaya na shukrani hana.

Ni mimi, ambaye bado napumua,
Dani Yunia


Kawangware
Jumatano, 12 Machi 2025

Dani wangu,

Uko aje huko? Mimi niko poa, nakula, na shingo ni ile ile ya kitambo, Marion ndiye anatafuta stori. Nimeshangaa mwandiko wako. Herufi zako zimesimama wima kuliko zangu. Nimeonyesha kila mtu kwenye plot.

Pole sana kwa ile mambo ya msiba. Nimecheka halafu nikasikia vibaya kwa kucheka. Wacha nikueleze. Tovuti ina kitu inaitwa theme, ndiyo inaamua sura yake na kila kitu kinakaa wapi. Ile ya zamani ilikuwa nzito, mtu akifungua kwa simu anangoja mpaka anakata tamaa. Nikabadilisha. Sasa theme ya zamani ilikuwa na safu ya pembeni, na matangazo ya watu wetu yote yalikaa huko. Theme mpya haina pembeni. Ina nafasi moja juu kabisa, na tangazo la Shiundu likajipata hapo. Nimeshamtoa hapo juu. Amenipigia simu akilalamika, anasema hajawahi kupata wateja wengi wa kuuliza bei hivyo.

Yale ya tumbo na kamari yanakuja yenyewe. Niliwasha mahali ambapo mashine inachagua matangazo na kuyaweka inapotaka. Naona imependa katikati ya mapishi. Nitaangalia.

Mama Magdaline pia ni hiyo theme ilimtoa. Nitamrudisha tu, usijali.

Kihara anakusalimia. Amepaka gate rangi ya kijani, anasema tukigusa tutalipa. Pia anataka vyumba vyake vitangazwe kwenye Jiko la Dani, na anataka kuwa juu kwa sababu ati yeye ndiye mwenye ardhi ambayo tovuti inaandikwa juu yake. Mvua imeanza huku. Huko je?

Asante kwa omena. Imeisha siku moja.

Wako,
Daisy


Raila, Kibera
Jumatatu, 17 Machi 2025

Daisy,

Salamu kama zile za kwanza, ongeza kidogo. Mvua imefika hapa pia, imeingia kwa mlango na kutokea kwa mlango, kwa sababu mlango ni mmoja. Mwalimu Ishmael alisoma barua yangu ya kwanza akasema salamu ni ndefu mno. Nikamwambia yeye hana mjukuu, ndiyo sababu.

Ndugu yangu Okello wa Ugunja bado hajakubali kwamba niko hai. Aliona yale majeneza, akafungua kundi la WhatsApp la mazishi yangu, akajichagua mwenyekiti. Nimempigia nikasema, "Okello, ni mimi." Akasema, "Kama ni wewe, taja ng'ombe aliyempiga baba teke." Nikamtajia. Akasema hiyo inajulikana na watu wote. Akaongeza kwamba hata hivyo kamati imeshakaa, watu wamepewa kazi, na si vizuri kuwavunja moyo.

Basi. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikifuata na kidole. Umeeleza majeneza vizuri. Umeeleza tumbo na kamari. Ukifika kwa Magdaline umeandika mstari mmoja, halafu umekimbilia rangi ya gate ya Kihara. Daisy, mimi ndiye nilimlea baba yako. Akivunja kikombe alikuwa anakuja kuniambia habari za mvua.

Huyu theme ni nani? Ana mikono? Alimtoa Magdaline akamwacha Shiundu, akamwacha fundi wa viatu, akamwacha yule wa gesi, wote nimewaona huko chini wamerundikwa kama viatu mlangoni pa kanisa. Kwa nini Magdaline peke yake?

Jana wateja wawili kutoka Highrise walikuja kumtafuta. Mmoja akasema, "Tunamtafuta mama wa samaki, yule wa pembeni ya Dani." Magdaline akawajibu kwa sauti ili nisikie, "Huyo hayuko. Alifutwa." Nilikuwa naanika nguo. Nilianika sketi moja mara nne.

Mimi sijali, lakini nijibu.

Na kama unamwogopa mtu, niambie ni nani, nitakuja na fimbo yangu mpaka Kawangware. Ukikosea ni mimi nitakuchapa, si mtu mwingine.

Dani Yunia, anayengoja


Kawangware
Jumatano, 9 Aprili 2025

Dani,

Salamu. Wiki tatu zimepita, najua. Marion aliniuliza kila jioni kama niko na barua na kila jioni nilimwambia kesho, mpaka akaanza kuniita Kesho. Niko mzima. Sijalala vizuri, lakini niko mzima.

Theme haina makosa. Nilikudanganya.

Ni hivi. Theme mpya ilipokosa safu ya pembeni haikumtupa mtu. Ilichukua matangazo yote ya pembeni ikayaweka kando, ni kama stoo, yangoje nichague nayapeleka wapi. Nikayatoa moja moja. Nilikuwa na haraka, stima za hapa zilikuwa zinapotea na Kihara ametuwekea mita moja kwa plot nzima. Nilitoa ya Shiundu, ya viatu, ya gesi. Nikaona mengine yamebaki, nikadhani ni takataka za zamani. Nikafuta yote mara moja bila kusoma. Tangazo la Mama Magdaline lilikuwa ndani.

Na picha sina. Ilikuwa kwa ile simu yangu iliyoibwa Krismasi. Kopi ya tovuti sikuweka kabla ya kubadilisha, na hilo ndilo jambo la kwanza tulifundishwa kufanya. Kwa hivyo nikimrudisha lazima nipige picha nyingine, na nikipiga picha lazima nije Raila nimwangalie usoni nimwambie nilimfuta kama uchafu.

Ndiyo sababu sijakuja kwako tangu Februari. Si kazi. Nilisema ni kazi.

Unaweza kunichapa.

Daisy


Raila, Kibera
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Daisy mjinga wangu,

Habari za hapa ni nzuri, na sasa nimefurahi, kwa sababu ukweli umefika hata kama umekuja kwa miguu. Kichwa chako ni sufuria bila mfuniko, kila kitu kinamwagika, lakini ni sufuria yangu na sitaitupa. Futa machozi. Najua ulilia, karatasi ina alama.

Sasa nikuambie mahali ulikosea, na si kufuta. Wewe ulihama kama mtu anayemkimbia landlord usiku. Unabeba kitanda, unasahau mtoto. Huku mjini mmezoea hivyo. Lakini kwetu mtu akihamia dala mpya, boma lake mwenyewe, haingii ovyo. Anaenda na jogoo na shoka na moto, na mwanawe wa kwanza. Nyumba ya mke wa kwanza inasimama kabla ya nyumba nyingine yoyote, na inatazamana na lango, mtu akiingia aione. Nyumba ya pili inakuja ubavuni. Wavulana wakikua wanajenga karibu na lango. Mgeni anangoja nje mpaka akaribishwe. Hata mtu akiingia usiku wa giza anajua hapa analala nani, na hakuna anayeachwa nje kwa bahati mbaya, kwa sababu kila mmoja ana mahali pake kabla ukuta haujasimama.

Wewe ulijenga ukuta kwanza ndipo ukatafuta watu wa kuweka ndani.

Nimekuchorea. Ni ukurasa wa nyuma. Mwalimu Ishmael alidhani ni ramani ya vita. Hiyo nyumba kubwa ni chakula, na mimi. Ubavuni pangu ni Magdaline. Wa viatu na wa gesi ni wana wa nyumbani, waweke huku chini karibu na lango. Shiundu mweke kwenye njia ya kutokea kabisa. Mtu asome, apike, ale, ashibe, ndipo akumbuke kwamba atakufa. Kihara ni landlord kwake. Kwangu ni mgeni, akae kando ya ua. Na hao wa tumbo na kamari, ambao hata jina la kijiji chao hatujui, wakae nje ya ua wote pamoja, wasalimiane wao kwa wao. Na hakuna mtu, hata askofu, anayeruhusiwa kupita katikati yangu na chungu changu nikiwa napika. Mapishi yangu yasikatwe tena.

Kuhusu Magdaline, utakuja wewe mwenyewe umwambie. Mimi siendi. Mimi ni mkubwa kwake kwa miezi minne, na mdogo ndiye anaanza kusalimia. Hata hivyo sijali.

Ukija lete kamera. Na sweta, unajua hapa asubuhi kuna baridi.

Mwenye dala,
Dani Yunia


Kawangware
Jumanne, 29 Aprili 2025

Dani wangu,

Umeshaniona kwa macho Jumamosi kwa hivyo salamu ni fupi. Asante kwa chakula, na kwa kunichapa na ile taulo kidogo tu. Lakini tulipokuwa kwako ulikataa kuuliza nilichoambiwa huko nje, ulikuwa unaosha sufuria moja saa nzima, ndiyo maana naandika.

Nilimkuta amekaa kwa karai. Akanitazama.

"Wewe ni Daisy wa kwa Yunia?"

"Ndio, Mama."

"Yule wa kufuta watu?"

Sikuwa hata nimeanza kueleza. Akanisukumia beseni la ngege na kisu. "Toa magamba ukiniambia." Dani, nilitoa magamba mpaka saa tisa. Nilimwambia yote, stoo, haraka, stima, simu iliyoibwa. Alisikiza vizuri. Akageuza samaki kwenye mafuta. Halafu akasema, "Hiyo mashine yako ilijuaje kuchagua mimi, kati ya watu wote, wiki mbili baada ya maneno ya nyanya?"

Nikamwambia ni mimi, si mashine, na si wewe.

"Wewe ni mtoto mzuri," akasema. "Unamfunika nyanya yako. Yunia ana mdomo, na kati ya kitanda changu na chake kuna bati moja. Aje aniambie mwenyewe."

Picha alikubali nipige, lakini alikataa kucheka. Anaonekana kama mtu anayengoja hukumu.

Habari njema: nimefuata mchoro wako. Nilizima ile ya mashine kujichagulia mahali, nikapanga kwa mkono. Katikati ya mapishi hakuna kitu tena. Shiundu yuko mwisho, amenuna, lakini jana aliuza kitanda. Wasomaji wanafika mpaka mwisho wa mapishi, zamani wengi walikuwa wanatoroka kwa kitunguu. Rafiki yangu anayefanya kazi hizi kwa kampuni aliniuliza nilijifunza wapi kupanga hivi. Nikamwambia Ugunja.

Lakini kuna shida moja, na siwezi kuimaliza mimi. Mchoro wako una ubavu. Kwa kompyuta nimeuweka, Mama Magdaline yuko kando yako kama zamani. Lakini karibu wasomaji wetu wote wanatumia simu, na simu ni nyembamba, haina ubavu. Huko kila kitu ni foleni, mmoja juu na mwingine chini. Nani awe juu? Nikikuweka wewe juu na mapishi yako yote, yeye anakuja baada yako, na mtu lazima asukume sana na kidole ndipo amwone. Atasema ni ile ile. Nikimweka yeye juu, yuko juu ya jina lako na uso wako, na wewe ni mkubwa kwake.

Sijaweka. Nafasi iko wazi. Niambie.

Daisy


Kawangware
Jumatatu, 19 Mei 2025

Dani,

Salamu kwanza, uko mzima? Marion anasema uko mzima, ati alikuona ukigombana na muuza makaa, kwa hivyo nimetulia. Lakini wiki tatu hujajibu. Marion ameanza kukuita Kesho wewe pia.

Ile nafasi bado iko wazi. Kihara ameiona, anauliza kila asubuhi akinipata kwa mfereji. Nimemwambia ina mwenyewe.

Mimi wako,
Daisy


Raila, Kibera
Jumatatu, 26 Mei 2025

Daisy,

Nakusalimu. Mimi ni mzima, makaa yalikuwa mabichi.

Sikunyamaza kwa hasira. Nilikuwa nachora. Nimemaliza daftari. Nilimuuliza Mwalimu Ishmael kama simu inaweza kupanuliwa, akasema hapana. Nikamuuliza kama inaweza kulazwa, akasema inaweza, lakini huwezi kuwaambia watu wa dunia nzima walaze simu zao kwa sababu ya Magdaline. Niliona hana msaada.

Nilitaka kuandika, niweke mimi juu. Ni haki yangu. Tovuti ni yangu, jina ni langu, na miezi minne ni minne. Niliandika hivyo mara mbili, nikachana.

Kwa sababu nilianza kuhesabu kitu kingine. Babu yako alipofariki, wewe ukiwa tumboni, watu walikuja, walikula, walienda. Magdaline alileta godoro lake akalilaza mlangoni pangu kwa ndani. Nikimwambia aende kwake anasema kwake kuna panya. Alikaa miezi miwili. Hakunipa pole hata siku moja. Kila asubuhi alikuwa ananitukana niamke nikaoge. Hakuuliza nani ni mkubwa. Alilala chini sakafuni na mimi nikalala kitandani, na sijawahi kumwambia lolote juu ya hilo, kwa sababu nikifungua mdomo hapo sitaweza kuufunga.

Na sasa naambiwa niende nimwambie mwenyewe. Nimefika mlangoni kwake mara tatu mwezi huu. Mara moja nikajifanya natafuta kuku. Sina kuku.

Basi fanya hivi. Mweke Magdaline juu. Juu ya uso wangu, juu ya jina langu, juu ya mapishi, mtu akifungua amwone yeye kabla ya kitu chochote. Picha iwe kubwa, hata kama amenuna. Andika: Samaki wa Magdaline, Raila, karibu na bomba. Ongeza hapo chini: Hakuna anayekaanga kumshinda. Na uandike vizuri, usiruke herufi.

Usimwambie ni mimi nilisema. Akikuuliza, mwambie ni theme.

Dani Yunia


Raila, Kibera
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa Daisy, fundi wangu,

Salamu nyingi, leo sihesabu. Hapa kuna matope mpaka kwa kifundo cha mguu lakini hakuna anayelalamika, sukuma imekuwa kubwa kama feni. Mwalimu Ishmael amenipa alama nzuri kuliko wale wa Qatar. Okello amevunja kamati. Amesema wataitwa tena wakati ukifika, na wasipoteze daftari.

Picha uliiweka Jumanne. Jumatano wateja walikuja kwa Magdaline na simu zao, wakamwonyesha. Alhamisi niko hapa nachambua mchele, mlango ukafunguka bila hodi.

"Yunia! Umeniweka juu yako?"

Miezi mitatu sijasikia jina langu kwa mdomo wake. Nikashika mchele nisiumwage.

"Si mimi," nikasema. "Ni theme."

"Theme gani? Theme yako imekaa hapo mbele yangu na kitenge cha bluu, inanidanganya mchana. Unataka watu waseme Magdaline hana adabu, amemkalia mkubwa wake kichwani? Nitoe!"

"Sitoi."

"Niweke chini yako!"

"Chini ni mbali, watu hawafiki. Kaa hapo hapo."

"Yunia, mimi sikuomba kuwa juu. Mimi niliuliza tu kwa nini sipo."

Hapo nikaweka mchele chini. Nikamwambia, Daisy. Nikamwambia sikumfukuza, na kwamba singeweza hata kama mchuzi wangu ungekuwa nyanya tupu. Nikamwambia lile la godoro pia. Lilitoka lenyewe. Akasema, "Kwangu kulikuwa na panya kweli." Halafu akatafuta kitambaa cha pua kwa muda mrefu, akapangusa na leso yangu, akakaa, akala, akaanza upya kunifokea nimshushe.

Ijumaa alirudi kunifokea. Alikuwa amefikiria usiku kucha na alikuwa na sababu mpya tano. Jumamosi alirudi na shemeji yake awe shahidi, wakala wote wawili. Jana baada ya kanisa alinifokea kutoka mlangoni pa kanisa mpaka hapa, njia nzima, watu wakitupisha. Kwa miaka thelathini sijafurahia kutembea hivyo.

Sasa nisikilize. Atakuja kwako. Marion amenionya kwamba ameulizia njia ya Kawangware. Atalia, atakuletea samaki, atakuambia mimi nimekubali ashushwe. Mpokee, mpe kiti, mpe chai na maziwa mengi. Kula hao samaki. Mwambie unaelewa. Mwambie utarekebisha.

Usirekebishe. Usiguse kitu chochote. Siku utakapomshusha hatakuwa na la kunifokea, na mimi kimya chake nimekisikia, kinatosha.

Naacha hapa. Anakuja, ameanza kupiga kelele na hata mlangoni hajafika.

Dani wako